WhatsApp, MMS na RCS: Ipi Inafikisha Picha Ikiwa Nzima?

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa mwenye simu janja na bando la kawaida hapa Afrika Mashariki, WhatsApp ndiyo njia bora ya kutuma picha, sauti, video na mafaili, na hakuna inayoikaribia. Ila mipangilio inayokuja nayo imewekwa kuokoa data, si kulinda picha. Watu wanaiacha hivyohivyo miaka nenda rudi, kisha wanalaumu kamera ya simu. MMS, yaani ujumbe wa picha unaopitia kampuni ya simu kama SMS, imebaki na kazi chache, hasa kwa wenye ndugu Marekani. RCS, mrithi wa SMS na MMS anayekuja ndani ya Google Messages, ni nzuri kuliko sifa zake, lakini inahitaji pande zote mbili ziwe zimeiwasha, na huku kwetu hilo ni bahati nasibu.

Tuanze na mkubwa wao kwa umri.

MMS: mzee ambaye bado yumo ndani ya simu yako

MMS iliingia sokoni mwaka 2002, Telenor ya Norway ikiwa kampuni ya kwanza kuiuza kwa wateja wake. Mwaka huohuo Nokia ilitoa 7650, simu yake ya kwanza yenye kamera ndani, iliyopiga picha za pikseli 640 kwa 480. Hadi hapo ujumbe wa simu ulikuwa SMS, na SMS moja hubeba baiti 140, sawa na herufi 160 za kawaida. Picha haiingii humo hata ukiikunja vipi.

Kwa hiyo MMS ikapewa njia yake. Simu ya mtumaji hufungua data kupitia APN maalumu ya MMS (APN ni mlango wa kuingilia mtandao wa data wa kampuni ya simu) na kupakia mzigo kwenye seva ya kampuni ya simu, iitwayo MMSC. Seva humtumia mpokeaji SMS fupi isiyoonekana kwenye kioo, inayoiambia simu yake kwamba kuna mzigo unasubiri. Simu hiyo nayo hufungua data, hufuata anwani iliyopewa na kuuchukua. Ukiuelewa mzunguko huu, karibu matatizo yote ya MMS yanajieleza yenyewe.

La kwanza, data lazima iwe imewashwa kwenye laini hiyohiyo inayotuma au kupokea. Kwenye simu ya laini mbili, ukiwa umechagua data ya laini ya pili, MMS ya laini ya kwanza mara nyingi hukwama na kuandika kwamba haikupakuliwa. Kuwa kwenye waifai hakusaidii, maana seva ya MMSC kwa kawaida inafikika kupitia mtandao wa kampuni yenyewe tu. La pili ni mipangilio ya APN. Ingia kwenye mitandao ya simu, fungua majina ya APN, kisha angalia sehemu nne: anwani ya MMSC, proksi ya MMS, poti ya MMS, na aina ya APN ambayo lazima iwe na neno mms ndani yake. Simu iliyoletwa kutoka nje mara nyingi huja na sehemu hizo zikiwa tupu. Usibuni namba za kujaza hapo. Omba kampuni yako ikutumie mipangilio kwa SMS, uikubali, kisha uzime simu na kuiwasha.

La tatu ni ukubwa. Kiwango cha MMS kiliwekwa kwa madaraja: KB 30 kwa picha za mwanzo, KB 100, KB 300, na baadaye KB 600 kwa picha za kamera bora zaidi. Kampuni nyingine zimepandisha hadi MB 1 au zaidi kidogo. Picha ya leo ya MB 4 lazima ipondwe ndipo ipite. Video ndiyo inayoumia kabisa: inafika ikiwa na ukubwa wa stempu, nyuso hazitambuliki. Sauti ndiyo iliyokuwa na nafuu, maana kwa mfumo wa AMR dakika moja ni kama KB 90, hivyo KB 300 zilitosha maneno ya dakika tatu. Ajabu ni kwamba ni wachache sana waliowahi kuitumia MMS kutuma sauti.

Na mpokeaji asiye na simu inayopokea MMS? Huyo hupata SMS yenye kiungo cha tovuti, wakati mwingine na nywila, aende kuitazama picha huko. Kwa mwenye kitochi hiyo ni sawa na kutopata kitu.

Kwa nini basi kuizungumzia? Kwa sababu Marekani MMS haijafa. Kule watu wamezoea kutumiana ujumbe kwa programu ya SMS iliyokuja na simu, na kwa miaka mingi kundi lenye iPhone na Android pamoja lilikuwa linaendeshwa na MMS. Ndugu yako aliyeko Minneapolis akichagua namba yako ya Tanzania au Kenya kutoka kwenye ujumbe wa kawaida na kuambatisha picha ya mtoto, anatuma MMS ya kimataifa, na hiyo hutegemea makubaliano kati ya kampuni mbili za simu, ambayo mara nyingi hayapo. Kwake inaonekana imekwenda. Kwako haifiki, au yanafika maneno bila picha. Mwambie atume kwa WhatsApp, yaishe.

Jambo moja la usalama kwa mwenye Android ya zamani. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina Stagefright: video iliyotengenezwa kwa hila ikitumwa kwa MMS iliweza kuendesha msimbo kwenye simu bila mwenyewe kufungua chochote, kwa sababu simu huichukua MMS yenyewe. Android kuanzia 2.2 hadi 5.1.1 zilihusika. Simu kama hiyo ikiwa bado inatumika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya ujumbe na uzime uchukuaji otomatiki wa MMS. Hupotezi chochote.

WhatsApp na picha: njia tatu, matokeo matatu

Hapa ndipo penye nyama. WhatsApp ina njia tatu za kutuma picha ileile, na tofauti yake si ndogo.

Njia ya kawaida hupunguza picha hadi upande mrefu uwe karibu pikseli 1600. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ikipita njia hii inatoka ikiwa 1600 kwa 1200, yaani chini ya moja ya sita ya nukta zake zote. Uzito nao hushuka, kutoka MB 3 hadi 5 mpaka KB 200 au 300. Ndiyo sababu bando linadumu. GB 1 inatuma picha kama 4,000 za KB 250, wakati picha halisi za MB 4 zingeishia 250. Kwa kusalimiana, kuonyesha nguo mpya, kumtumia fundi picha ya bomba linalovuja, hii inatosha na sioni sababu ya kuongeza.

Njia ya pili ni HD, iliyoletwa mwaka 2023. Ukichagua picha kabla ya kuituma, juu ya kioo kuna alama ya HD. Iguse, chagua HD, tuma. Ukitaka iwe hivyo siku zote, ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, tafuta ubora wa kupakia media, weka HD. Mpokeaji mwenye mtandao dhaifu anaweza kupewa kwanza picha ya kawaida, kisha yeye mwenyewe aamue kama anaitaka ya HD. Kwa video, HD inapandisha hadi 720p, na hiyo bado iko chini ya 1080p iliyorekodiwa na simu. Maandishi madogo, namba za spea, picha ya jani lenye madoa anayosubiri bwana shamba: hivi vyote vitumwe HD.

Njia ya tatu ndiyo isiyojulikana kama inavyostahili. Badala ya kwenda galari, gusa alama ya kiambatisho, chagua hati, kisha tafuta picha au video kama faili. WhatsApp haiigusi. Inafika pikseli kwa pikseli kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na taarifa zake za ndani: saa iliyopigwa, aina ya simu, na kama lokesheni ya kamera ilikuwa imewashwa, mahali ilipopigwa. Kikomo ni GB 2 kwa faili moja tangu mwaka 2022. Kabla yake kilikuwa MB 100.

Hizo taarifa za ndani zina pande mbili. Mkaguzi wa bima anayetaka picha za gari lililogongwa atafurahi kuziona, na picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida huzipoteza. Lakini picha ya sebule yako uliyomtumia mnunuzi wa sofa usiyemjua kama faili inaweza kubeba ramani ya nyumbani kwako. Kwa mtu usiyemfahamu tumia njia ya kawaida au HD.

Video nayo ina hesabu yake. Dakika moja ya 1080p kwenye simu nyingi ni kama MB 130. Harusi ya dakika tano ni MB 650, na dakika kumi na tano zinagonga ukuta wa GB 2. Kama umeajiri mpiga video na anakutumia kazi kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, umelipia 1080p ukapokea iliyopondwa. Mdai atume kama hati, au akupe kwenye flashi.

Steshenari na karatasi

Sehemu ambayo WhatsApp imebadilisha maisha bila kelele ni duka la steshenari. Zamani ulikwenda na flashi ukarudi na virusi. Sasa unatuma faili kwenye namba ya duka, linachapwa, unalipa. Hapa ukubwa wa picha unaonekana kwa macho, kwa sababu karatasi haifichi.

Uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa inchi. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inataka pikseli 413 kwa 531 tu, hivyo hata picha ya kawaida ya WhatsApp inatosha na kubaki. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka 1,800 upande mrefu. Ya kawaida yenye 1,600 inakaribia lakini inapungua. Ukurasa mzima wa A4 unataka 2,480 kwa 3,508. Mtu anayetuma picha ya cheti kwa njia ya kawaida kisha akashangaa maandishi yametoka na ukungu, jibu lake ndilo hilo. Cheti, leseni, fomu: skani kwa programu ya kuskani (Google Drive inayo kwenye Android, Notes inayo kwenye iPhone), hifadhi kama PDF, tuma kama hati. PDF ina faida nyingine pia: barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa kwenye kompyuta ya dukani isiyo na fonti zako, mistari inahama na sahihi inaangukia ukurasa wa pili. PDF haihami.

Usikubali kuunganisha WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka eti faili lipakuliwe haraka. Akaunti moja inaruhusu vifaa vinne vya ziada, na vikishaunganishwa vinaendelea kusoma mazungumzo yako hata simu yako ikiwa imezimwa, hadi siku 14. Ukiwa umeshafanya hivyo mahali fulani, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, gusa kila usichokitambua na ukiondoe.

Tatizo la wenye iPhone: tangu iOS 11 ya mwaka 2017, picha zake huhifadhiwa kwa mfumo wa HEIC. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huigeuza na hakuna anayeona tofauti. Ikitumwa kama hati huenda ilivyo, na kompyuta ya Windows ya zamani ya steshenari au Android kuukuu hushindwa kuifungua. Nenda Mipangilio ya iPhone, Kamera, sehemu ya mifumo ya faili, chagua unaokubalika zaidi. Picha zitakazopigwa baada ya hapo zitakuwa JPEG.

Sauti ndiyo mfalme

Ukiniuliza kitu kimoja kilichoifanya WhatsApp iwe ya kila mtu huku kwetu, sitasema picha. Nitasema voisi. Ililetwa mwaka 2013, na ghafla bibi asiyeandika, fundi mwenye mikono ya grisi na mama mwenye mtoto mgongoni wote wakawa na njia ya kusema jambo refu bila kuchapa. Kiswahili chetu cha mdomoni, na lugha za nyumbani ambazo kibodi haizijui, vinapita humo bila kukatwa. Aliyeko Dubai, ambako simu za sauti na video za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi, anaendesha familia nzima kwa voisi, kwa sababu ujumbe wa sauti unapita pale simu inapokatika.

Ni nyepesi pia. Hutumia mfumo wa Opus, na dakika moja haifiki hata nusu megabaiti. Haihitaji mtandao wa kudumu kama simu ya moja kwa moja: inapakiwa polepole, mtandao ukikatika inasubiri, ukirudi inaendelea. Pale simu inapoonyesha mstari mmoja tu wa mtandao, voisi inafika na simu haifiki.

Namna ya kuirekodi vizuri. Shikilia alama ya maiki, telezesha juu ili ijifunge, kisha achia kidole na uongee ukiwa huru. Ukiwa umeifunga unaweza kusitisha, kusikiliza ulichosema, kisha kuendelea. Telezesha kushoto kufuta. Maiki ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji. Mtu anayeongea akiwa ameziba hapo kwa kiganja anatuma mvumo. Kwenye bodaboda au upepo wa baharini geuza mgongo upande upepo unakotoka. Anayepokea anaweza kugusa 1.5 au 2 kuharakisha, dawa ya lazima kwa shangazi anayetuma dakika nane kabla hajafika kwenye hoja.

Lawama ya kawaida: "Nikiweka simu sikioni kioo kinazima na voisi haisikiki." Simu inahisi sikio kwa sensa iliyo juu ya kioo, kisha inahamisha sauti kutoka spika kubwa kwenda kile kispika kidogo cha kuongelea. Kama protekta imeziba sensa, simu inadhani iko sikioni muda wote, hata ikiwa mezani. Ondoa protekta kabla hujampelekea fundi. Na kama kispika kidogo kimejaa vumbi, sauti itatoka kwa kunong'ona. Mswaki mkavu na laini unatosha.

Ukitaka kuhamisha voisi kwenye redio ya gari au kitochi, faili litakuwa la opus na vifaa hivyo haviitambui. Ligeuze kuwa mp3 kwa programu yoyote ya kugeuza sauti kwanza.

Bando linakwenda wapi

Watu wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii wakidhani kila kinachotokea ndani ya WhatsApp kimelipiwa. Picha, voisi na hati, ndiyo. Kiungo cha YouTube kilichobandikwa kwenye grupu, hapana: ukikigusa unatoka nje ya WhatsApp na kinakula bando la kawaida, au salio. Nakala rudufu nayo ni hivyohivyo. Kwenye Android inakwenda Google Drive, ambayo haimo kwenye bando hilo. Iweke ifanyike kwa waifai tu, na ondoa video kwenye nakala hiyo. Tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp zinahesabiwa kwenye GB 15 za bure za akaunti ya Google, hivyo video za grupu la harusi zinaweza kukujazia hata barua pepe.

Mwizi mkubwa zaidi ni upakuaji otomatiki. Ukiwa kwenye grupu tano zenye watu mia, kila "asubuhi njema" yenye waridi inaingia kwenye simu yako bila kuulizwa. Mipangilio, hifadhi na data, kisha sehemu ya kupakua media yenyewe: kwenye data ya simu ondoa alama zote, kwenye waifai acha picha tu, kwenye mtandao wa nje ya nchi ondoa zote. Voisi haiathiriki, hiyo hupakuliwa yenyewe daima. Halafu fungua usimamizi wa hifadhi, kuna orodha ya mafaili yanayozidi MB 5 na ya yaliyofowadiwa mara nyingi. Hapo ndipo memori ya GB 32 inaporudi kuwa na nafasi.

Mafaili yenyewe, kwenye Android 11 na kuendelea, yako ndani ya kumbukumbu ya simu katika Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Ulivyotuma viko kwenye folda ndogo ya Sent, na mara nyingi hizo ni nakala ya pili ya picha ambazo tayari ziko galari. Hakikisha ziko galari, kisha futa Sent, ila kumbuka kwamba hutaziona tena ndani ya mazungumzo.

Kuna ujumbe unaowakera wengi: faili halipo, mwombe mtumaji akutumie tena. Seva ya WhatsApp si ghala. Ujumbe ambao haujafika hushikiliwa hadi siku 30, na media isiyopakuliwa haikai huko milele. Aliyezima upakuaji kisha akakaa miezi kabla ya kugusa picha, asilaumu mtandao. Kingine kinachozuia upakuaji ni saa ya simu: tarehe ikiwa imekosewa, muunganisho unakataliwa moja kwa moja. Weka tarehe iwe ya otomatiki, kisha angalia kama memori imejaa, kisha ndipo ulaumu bando.

Kwa mfanyabiashara

Mwenye duka Kariakoo au Gikomba anafaidi vitu viwili zaidi. Kwanza ni orodha ya matangazo: unatuma picha ya mzigo mpya kwa watu hadi 256 kwa mara moja, na kila mmoja anaipokea kama ujumbe wake peke yake. Sharti ni moja: aliyehifadhi namba yako tu ndiye anayeipata. Ukiona wateja hawajibu, uliza kwanza kama wamekusevu. Pili ni lokesheni ya moja kwa moja, inayodumu dakika 15, saa moja au saa nane. Kwa mtu wa bodaboda anayepeleka mzigo, dakika 15 au saa moja inatosha, saa nane ni kumfuatilia mtu.

Skrinshoti ya malipo si malipo. Kuna watu wanatengeneza picha ya ujumbe wa M-Pesa kwa dakika mbili, yenye jina lako na kiasi sahihi kabisa. Angalia salio lako mwenyewe kabla mzigo haujatoka mlangoni. Vivyo hivyo, faili lolote linaloishia na .apk, hata likijiita kadi ya mwaliko wa harusi, ni programu inayotaka kusakinishwa. Kadi ya mwaliko huwa picha au PDF.

Umekosea kutuma? Kufuta kwa wote kunawezekana ndani ya takribani siku 2 na saa 12. Picha ya kuonwa mara moja inazuia skrinshoti na inajifuta isipofunguliwa kwa siku 14, lakini mwenye simu ya pili mkononi anaweza kupiga picha kioo. Kwa hiyo isitumike kwa namba ya siri wala kitambulisho.

RCS

Kwa ufupi tu. RCS ni mrithi wa SMS na MMS uliosimamiwa na chama cha kampuni za simu, GSMA, na Google wakausukuma kupitia Google Messages. Apple waliuongeza kwenye iOS 18 mwaka 2024, ingawa kwenye iPhone unategemea pia kampuni ya simu. Picha zinafika zikiwa safi kuliko MMS, unaona mwenzako anaandika, na hauhitaji kusakinisha kitu. Mtego wake ni pale data inapokata: programu inaweza kuutuma tena ujumbe uleule kama SMS au MMS na kukukata salio. Zima chaguo hilo la kutuma upya kwenye mipangilio ya soga za RCS. Na uangalie chaguo la kutuma picha haraka. Likiwa limewashwa, picha zako zinapunguzwa.

Ukibadilisha simu

Usitegemee nakala ya Google Drive peke yake, hasa kama bando ni dogo. Simu mbili za Android, au iPhone mbili, zinaweza kuhamishiana mazungumzo na media moja kwa moja tangu mwaka 2023. Kwenye simu ya zamani ingia Mipangilio, soga, kuhamisha soga. Washa waifai na lokesheni kwenye simu zote mbili. Simu mpya isajiliwe kwa namba ileile, kisha simu ya zamani iskani msimbo wa QR unaoonekana kwenye simu mpya. Data ya bando haitumiki. Chaji simu zote zifike nusu kwanza, ziweke karibu, na usiguse chochote mpaka iandike kwamba imekamilika. Ukitumia nakala ya Google Drive badala yake, washa ufichaji wa mwisho hadi mwisho wa nakala, yaani kuifunga isisomwe na mwingine, kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ujumbe unaopita WhatsApp umefichwa tangu mwaka 2016, lakini nakala iliyo Drive haifichwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe. Nywila hiyo iandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti, maana ukiisahau na simu ikapotea, hakuna ofisi itakayokurudishia.